Ruhusa ya Kuruka

Umoja One, Nairobi
Jumapili, 12 Januari 2025

Triza, mwana wa kaka yangu,

Mulembe. Mimi Senge, shangazi yako, ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linadai haki zake kila asubuhi kabla sijakanyaga sakafu. Opicho mwanangu anakusalimu kutoka Komarock. Amenunua kochi kubwa la kona, likakataa kuingia mlangoni, na wiki nzima sasa wageni wanakaribishwa nje kana kwamba kuna matanga. Mkewe hamsemeshi. Jirani yetu Mama Wacuka amefungua kibanda cha chapati pale getini kwa ploti, na nguo zangu zote zinanukia mafuta. Biashara ya mapazia Gikomba si mbaya. Watu wengi wamehama nyumba mwezi huu, na mtu akihama ndipo hukumbuka kwamba ana dirisha.

Sajini Mulwa wa kambi yenu ya Eastleigh alinifuata huko huko Gikomba kibandani kwangu akiwa na sare yake. Nikadhani ameleta habari mbaya. Kumbe alikuja kunieleza tu kwamba simu zenu zimekusanywa hadi mafunzo yaishe, na kwamba mwenye barua ampe yeye, itapakiwa kwenye ndege ya mizigo ya hao rafiki zetu wanaowafundisha, inayokuja Eastleigh na kurudi kwao. Nilimwomba anwani, akasema anwani ni yeye. Mimi sikuhuzunika hata kidogo. Kwenye simu una sauti ya asali, waweza kuniambia umeshiba na huku tumbo linanguruma. Mwandiko wako siku zote umekuwa mkweli kuliko wewe.

Sasa niingie kwenye neno langu. Kwanza, huko ni wapi? Kanisani wananiuliza umeenda nchi gani, nami najibu alivyonifundisha Mulwa, "Yuko kwa washirika wetu," na sasa wanadhani umehamia kanisa lingine.

Pili, ahadi yetu. Siku ulipoitwa kuingia Jeshi la Anga nilikuambia mbele ya picha ya marehemu baba yako: ndani ya ndege nitavumilia, nje ya ndege sitaki. Wewe utayakunja hayo maparachuti, watu wengine watayavaa. Kaka yangu Nabiswa alianguka kutoka ghorofa ya nne akiwa kwenye kazi yake ya uashi, hapa hapa Umoja, nawe ulikuwa bado unanyonya. Mama yako akaenda kwao, mimi nikabaki na wewe. Mtu mmoja kuanguka katika familia moja kunatosha. Uliitikia siku ile, nami sijasahau.

Kula vizuri, na uvae soksi mbili.

Senge yako,
Asenath


Kambini
2 Februari 2025

Senge mpendwa,

Mulembe muno. Barua yako ilifika na harufu ya chapati, na wenzangu wawili wa kutoka Nairobi waliomba kuinusa. Mimi sijambo. Nimenenepa kidogo, kwa hiyo tumbo langu halingurumi, na hilo nimeliandika kwa mkono wangu.

Nchi siruhusiwi kuitaja, wala kambi, wala aina ya ndege. Naweza kukuambia kwamba kuna theluji, kwamba mkate wao ni mgumu na supu yao ni tamu. Ugali hakuna. Tulipata unga wa mahindi wa manjano jikoni tukajaribu kusonga, kikatoka kitu kisicho ugali wala uji. Mpishi wao alionja, akauliza ni dawa ya ugonjwa gani.

Kazi naipenda. Ukumbi wa kukunjia una meza ndefu ajabu, na tumepangwa wawili wawili, mmoja wetu na mmoja wao. Baadaye mwaka huu majeshi yetu mawili ya anga yatafanya mazoezi pamoja huko nyumbani. Wakunjaji wao watawakunjia askari wetu maparachuti, nasi tutawakunjia wao, kwa hiyo ni lazima mikono yetu izoeane. Mwenzangu anaitwa Leyla. Ni rika langu, na huimba akikunja. Mimi ulinifundisha kwamba mtu aliyeshika pasi hafungui mdomo, basi siku za mwanzo nilitamani kumziba kwa kitambaa. Tuligombana kwa ishara na kwa Kiingereza cha kuokoteza, chake na changu. Sasa tumeelewana: anaimba tukinyoosha kamba, ananyamaza tukikunja kitambaa. Ni mtu mwema, Senge. Nampenda.

Kuna jambo moja ninaloomba baraka zako. Mwishoni mwa Machi sisi sote tutaruka, wetu na wao kwa pamoja. Ndiyo desturi ya hapa na hakuna anayefuzu bila hiyo. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Naomba uniambie kwamba nina ruhusa yako ya kuruka.

Nisalimie Opicho na kochi lake.

Mtoto wako,
Triza


Umoja One, Nairobi
Jumapili, 23 Februari 2025

Triza wangu,

Mulembe, mulembe, mulembe! Huku tu wazima na tuna furaha. Kochi limeingia. Fundi alilikata miguu, akaung'oa na mlango pamoja na fremu yake, na sasa Opicho ana kochi fupi na mlango usiofunga vizuri. Mkewe amerudi kumsemesha, ingawa yale anayomwambia ni afadhali angenyamaza.

Mwanangu, unaniomba ruhusa ya kuruka? Kwani huko ulifika kwa miguu? Ruka, ruka mpaka uchoke! Najua kinachokutisha. Hizo zitakuwa ndege zao za kivita, zile za mbio, ambazo hata tumbo hubaki nyuma. Usijali. Ninakupa maagizo ya mtu mzima. Tafuna peremende ili masikio yasizibe. Omba kiti cha dirishani. Beba mfuko wa kutapikia na usione haya, hata marubani walitapika siku moja. Na usifungue mkanda mpaka uambiwe.

Nimekutangaza kanisani. Nilisimama nikasema Triza wetu ataruka na wanajeshi wa mataifa, wakapiga makofi, na akina mama wamekuweka kwenye maombi ya mwisho wa Machi. Mama Wacuka si wa kanisa letu lakini alisikia, akaniombea pale pale kibandani kwa Kikuyu, maombi marefu mpaka chapati moja ikaungua. Nilijivuna, sitaki kukuficha. Natembea hapa Umoja na shingo ndefu.

Msalimie Leyla. Mwambie wimbo si mbaya, ila pasi haipendi kelele.

Senge yako mwenye furaha,
Asenath


Kambini
9 Machi 2025

Senge mpendwa,

Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi mzima.

Asante kwa baraka na kwa maagizo. Nilimweleza Leyla habari za kochi lililokatwa miguu, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Anakusalimu.

Upepo huku ni mkali. Wanasema usipotulia, siku yetu itasogezwa mbele. Sijui.

Waambie akina mama wa kanisa asante. Leo sina mengi.

Triza


Umoja One
Jumapili, 16 Machi 2025

Triza,

Leo sina salamu.

Mulwa aliniletea barua yako jana. Kabla hata sijaifungua nilimpa chai na mandazi, nikamwambia namshukuru Mungu mtoto wangu ataruka na hao wakubwa. Akanijibu kwa heshima kabisa, "Eeh, hongera Mama. Ile ya kwanza ndiyo huwa ngumu. Ukifika kwa mlango unataka kurudi kwa kiti. Lakini ukishatoka, ni raha tu."

Nikamuuliza, "Ukishatoka wapi?"

Akaangalia mandazi. "Kwa ndege, Mama."

"Ndege ikiwa imesimama?"

"Ikiwa juu, Mama."

Chai hakuimaliza.

Kwa hiyo kuruka kwako ndiko huko! Kiswahili kimetupa neno moja la kusema ndege karuka na chura karuka, nawe ukaenda kujificha katikati ya ndege na chura. Ungeweza kuandika kwamba utapanda ndege. Ungeweza kuandika kwamba utatoka nje ya ndege. Wino haukukwisha. Ulichagua neno moja, kisha ukanyamaza na kuniacha nikuagize peremende na kiti cha dirishani! Nimesimama mbele ya kanisa zima nikiomba nipigiwe makofi kwa jambo nililokukataza kwa kinywa changu.

Umeniruka, Triza, umepita juu ya neno langu. Hiyo nayo ni maana ya tatu ya kuruka, na ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naamini aliyeitunga methali hiyo alikuwa na mtoto wa kaka katika mambo ya parachuti.

Ruhusa naichukua. Ile niliyokupa ilikuwa ya kuketi kwenye kiti umefunga mkanda. Nina hasira, na chini ya hasira nina woga. Nauandika wazi ili usidhani ni hasira peke yake. Tangu jana sijapiga pasi pazia hata moja.

Asenath


Kambini
30 Machi 2025

Senge mpendwa,

Mulembe, hata kama hutaipokea. Nasalimu goti, namsalimu Opicho, nawasalimu akina mama wa kanisa ambao najua sasa wananisema.

Barua yako ilifika kabla ya siku yetu. Sijaruka. Upepo ulivuma wiki nzima na hakuna aliyepanda. Ni kweli nililichagua lile neno nikijua lina nyuso mbili, na jibu lako lilipokuja na peremende niliona aibu, nikashindwa kukurekebisha. Leo nakuandikia maneno yenye maana moja moja.

Katika kazi yetu, anayekunja parachuti haaminiwi mpaka naye aruke nalo. Huingia mlangoni na kutoka, juu, ndege ikienda. Hapa wameongeza jambo, kwa sababu ya huo ushirikiano wa majeshi yetu: kila mmoja anaruka na parachuti lililokunjwa na mwenzake wa nchi ya pili. Mimi nitavaa la Leyla. Leyla atavaa langu. Wanasema nchi zikitia saini urafiki, saini hiyo haijui uzito wa mtu hewani, bali mikono inaujua. Mmoja akikataa, wote wawili wanarudi kwao bila kufuzu. Nikirudi bila kufuzu, meza yangu katika yale mazoezi atapewa mwingine, nami nitahamishiwa stoo ya blanketi. Leyla naye itakuwa hivyo hivyo, na hana kosa lolote.

Ningeweza kuruka kimyakimya. Mimi ni askari, na hapa hakuna mkubwa anayeuliza kama shangazi amekubali. Lakini sitaki kuruka nikiwa nimekuruka. Nilimwomba mkufunzi atuweke kwenye kundi la mwisho kabisa, mwanzoni mwa Mei. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nasubiri barua. Akamgeukia Leyla amuulize yeye anasubiri nini, Leyla akasema barua hiyo hiyo.

Nilimuuliza Leyla yeye alimwambiaje mama yake. Kwa lugha yao, kuruka kwa ndege kuna neno lake na kuruka kwa mtu kuna neno lake, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha. Alimwambia jikoni, likizo ya mwaka mpya. Mama aliendelea kumenya viazi. Baadaye akauliza atakayemkunjia ni nani. Leyla akasema ni msichana wa Kenya atakayepangwa naye, bado hawajaonana. Tulipoonana na kuanza kazi, akamwandikia jina langu. Mama akarudisha swali moja: "Huyo ana watu wake?" Leyla akamjibu kwamba yuko shangazi anayeuza mapazia sokoni, aliyemkataza asifungue mdomo akishika pasi. Mama akaandika, "Basi sawa."

Ukikataa nitaenda kwa mkufunzi niseme siruki, na sitakununia. Leyla nimeshamwambia. Sitakuwa nimefurahi, hilo nalo nalisema wazi.

Mtoto wako,
Triza


Umoja One, Nairobi
Pasaka, 20 Aprili 2025

Triza, mwana wa kaka yangu,

Mulembe, na Pasaka njema. Salamu zako za mara ya mwisho nimezipokea, goti pia limepokea zake. Huku mvua imeanza na Mama Wacuka amehamishia jiko lake kwenye korido yetu, kwa hiyo tunapumua chapati hadi kwenye ndoto. Opicho alikuja na watoto, tukachinja kuku. Kochi limezoea maisha ya ufupi.

Nataka ujue kwamba barua niliyokuandikia kwanza ilikuwa na neno moja, na neno lenyewe ni hapana. Nilimkabidhi Mulwa, nikarudi nyumbani nikalala vizuri. Kumbe ndege ilichelewa. Siku zile barua ikiwa bado iko Eastleigh, mimi nikarudi kwenye barua yako na kukwama pale kwa mama wa Leyla. Nikawa napiga pasi, nasikia "basi sawa". Napanga bei na mteja, nasikia "basi sawa". Nikamkasirikia yule mama. Anaiona wapi hiyo sawa? Hanijui, hajui Umoja, hata hajawahi kuniona nikimpunja mtu bei. Ameambiwa tu kwamba nauza mapazia, akatuachia mtoto wake.

Halafu nikajiona. Tangu mwanzo nilikuwa naona kitu kimoja, wewe unaanguka. Kila nikifumba macho ni wewe, au ni Nabiswa, sura zinabadilishana. Sikuona kwamba kuna mtoto wa mwenzangu naye yuko hewani, ameshikwa na mikono yako. Nikikukataza, nitakuwa nimemjibu yule mama kwamba mikono niliyoilea mimi haifai kubeba mtoto wake. Na hilo si kweli. Hiyo mikono naijua. Haijawahi kunikunjia pazia likaacha mkunjo mahali pasipotakiwa.

Nilimfuata Mulwa getini kwao, nikamwambia naitaka barua yangu. Akasema, "Mama, hii iko kwa mfuko ya jeshi tayari." Nikamwambia nitakaa pale mpaka mfuko uone aibu. Alienda akarudi nayo. Kijana ana adabu. Nimemshonea pazia la sebuleni.

Basi sikiliza. Ruka. Nina maana ya kutoka mlangoni, juu, ndege ikienda. Nimeandika yote ili mtu asije akasema hakuelewa. Woga ninao bado, nitaubeba mwenyewe, wewe usiubebe. Kanisani nimesimama tena nikawaeleza ni kuruka kupi. Mzee mmoja wa kwaya akauliza kama wanarudishiwa makofi yao. Mama Wacuka naye nilipomweleza alipiga kelele kumwita Mungu, "Ngai!" Alipotulia akauliza kama parachuti likichakaa mtu anaweza kuletewa kipande cha aproni.

Nina ombi moja tu. Mkunjie Leyla kana kwamba unamkunjia Opicho. Hapana, kwa Opicho ungeharakisha. Mkunjie zaidi ya hapo.

Senge yako,
Asenath


Kambini
4 Mei 2025

Senge wangu,

Mulembe! Nimeketi kitandani, nina matope hadi kwenye masikio na miguu yangu yote miwili ni mizima. Tumeruka Ijumaa asubuhi.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilipomsomea Leyla, niliona hata hasubiri nitafsiri, alikuwa anasoma uso wangu. Tulikwenda ukumbini siku hiyo hiyo tukakunja. Hakuimba. Mimi ndiye niliyeimba, Senge, unisamehe. Ilikuwa wakati wa kamba tu, kitambaa nilikikunja mdomo umefungwa.

Mulwa ni mkweli, mlangoni mtu hutamani kurudi kwenye kiti. Mlango ukifunguliwa upepo unaingia na kelele, na mimi nilifikiria mambo ya kijinga, kwamba sikulipa deni la sabuni kwa mwenzangu wa chumbani. Leyla alikuwa mbele yangu. Alitoka. Nikamwona akienda chini, akiwa mdogo, na parachuti likamfunguka juu ya kichwa, lote, mviringo, bila kusita. Lilikuwa langu! Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kuogopa, na nikatoka nikiwa bado nacheka. Kisha nikavutwa mabegani kwa nguvu, na kukawa kimya. Nilitazama juu nikaona mkunjo wa Leyla umefunguka vizuri kabisa. Nilisema asante kwa sauti, kwa Kiswahili, na hapakuwa na mtu wa kunisikia. Nilimfikiria Baba. Nilidhani nitaogopa nikimfikiria, lakini haikuwa hivyo. Nilijisikia niko karibu naye, na nikatulia.

Kutua sikutua kwa heshima. Nilikaa kwenye tope. Leyla alikuja mbio akilia, mimi nacheka, tukabadilishana, yeye akacheka na mimi nikalia.

Jamaa zao walikuwa wamealikwa. Mama yake ni mfupi, amevaa koti zito. Hakunikumbatia kwanza. Alinivua glavu, akaishika mikono yangu, akaigeuza upande huu na upande huu, akasema neno. Leyla alikataa kulitafsiri. Ndipo akanikumbatia, na yule mama ana nguvu.

Tumefuzu wote wawili. Narudi Juni, na Leyla anakuja na kikosi chao kwa mazoezi. Nimemwambia Jumapili ya kwanza atakayoruhusiwa kutoka atakula kwako. Amekubali kabla sijamaliza sentensi.

Mtoto wako,
Triza


Umoja One, Nairobi
Jumapili, 18 Mei 2025

Triza wangu,

Mulembe muno. Asante Mungu, asante Leyla, asante mwalimu wenu, asante hata huo upepo uliotulia. Ijumaa ile, Mulwa akiwa ameshaniambia ndiyo siku yenyewe, sikwenda Gikomba. Nilikaa nikafua kila kitu ndani ya nyumba, hata vilivyokuwa safi. Sajini Mulwa alipofika Jumamosi jioni kunipa habari, hakupata nafasi ya kuongea, nilishamwona meno kutoka mbali. Nilimkumbatia na sare yake yote.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa koridoni, Mama Wacuka akiwa ameshika mti wa kusukumia chapati. Opicho alilia, akasema ni vitunguu, na siku hiyo hakuna aliyekata vitunguu. Leyla aje. Aje na njaa. Nitampikia kuku na ugali wa unga mweupe, ili ajue ule wenu wa manjano haukuwa ugali. Niambie tu kama kuna asichokula. Mama yake nimemtafutia mapazia, yale mazito ya maua, kwa sababu mtu wa nchi ya theluji hawezi kukosa kazi ya pazia zito. Neno alilosema akishika mikono yako usilitafute. Mimi nalijua, ingawa lugha yao siijui.

Jambo la mwisho. Lile jengo alilofia baba yako huwa silipiti. Miaka yote hii nikitoka sokoni nazungukia nyuma, kwa wauza makaa, niharibu viatu lakini nisilione. Jana sikuzunguka. Sikuwa nimepanga, miguu ilikwenda yenyewe. Nikasimama chini na kikapu changu cha mboga za sukuma, nikainua shingo, nikaangalia ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafika ya nne. Kuna watu wanaishi huko. Kuna maua kwenye mikebe. Mwanamke mmoja kijana alikuwa ameegemea ukuta wa varanda, anaanika nepi. Akaniona nimekodoa macho, akaniita kwa sauti kutoka juu, "Mathe! Unatafuta keja? Iko moja hapa, imebaki wazi jana!"

Nikamwambia hapana mama, nyumba ninayo, naangalia tu. Huo ukuta unaouegemea ulijengwa na kaka yangu.

Senge yako,
Asenath